Mguu Unafika

Mwenye baa alikuja na futi ya fundi cherehani, akaupima mtumbwi wa mwenzake kama anayepima suruali. Alipima urefu, akapima upana, kisha akaingia ndani na viatu vyake vya kung'aa na kugonga sakafu kwa kisigino.

"Hapa tutatoboa matundu," alisema. "Matano hivi. Udongo wa maua ukituamisha maji, mizizi inaoza."

Jamani! Kuna maneno ya kumwambia mvuvi usoni? Kwamba mtumbwi wake utatobolewa chini kwa makusudi, ujazwe udongo, upandwe maua, uwekwe mlangoni pa baa ili walevi wapigie picha? Lakini mwenye baa hakuwa mtu mbaya. Alidhani anasaidia. Ziwa lilikuwa limekauka, mtumbwi ulikuwa umelala kwenye tope lililopasuka vipande vipande, na yeye peke yake ndiye aliyejitokeza kuutaka.

Mwenye mtumbwi alisimama kando, mikono nyuma. Wavuvi wenzake walimwita Nguzo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ameketi akiwa majini. Aliondoka asubuhi amesimama nyuma ya mtumbwi na kurudi jioni bado amesimama, upondo mkononi. Huo upondo ni mti mrefu mwembamba. Unaukita chini kwenye tope, unasukuma, mtumbwi unakwenda. Makafi ya kupigia maji hawakuwa nayo kule kwao. Ya nini? Ziwa lao lilikuwa pana lakini kina hakuna. Mtu mzima aliweza kulivuka kwa miguu, maji kifuani, shati lake kavu kichwani.

Na kuogelea? Hapo ndipo wageni walipowacheka. Hakuna aliyejua. Mtoto akiteleza akaangukia majini, mama yake hakukimbia wala hakuacha kuparua samaki wake. Alipaza sauti tu: "Simama!" Mtoto akasimama, maji yakamfika kiunoni, akalia kidogo, yakaisha. Hiyo ndiyo elimu yote ya maji waliyorithishana, na ilikuwa imewatosha tangu enzi za mababu.

"Nipe siku chache," Nguzo alisema hatimaye.

"Chukua," alisema mwenye baa, akikunja futi yake. "Ila usinizungushe. Udongo nimeshaagiza."

*

Mke wa Nguzo alirudi sokoni jioni amenuna. Miaka yote alikuwa akikausha kwa moshi samaki wa mumewe na kuwauza, na kibanda chake kilikuwa na heshima. Sasa aliuza samaki wa katoni, waliogandishwa huko viwandani, na siku hiyo mteja wake wa zamani alikuwa amemwuliza mbele za watu, "Eti mama, siku hizi mumeo anavua kwenye friji?" Watu walicheka. Na yeye alicheka, angefanyaje? Lakini njiani alilia.

"Anautaka kwa ajili ya maua," Nguzo alimwambia.

"Nani?"

"Mwenye baa. Mtumbwi."

Mkewe aliweka beseni chini taratibu. "Maua ya kula?"

"Maua maua tu. Ya kuangalia."

Mama yake Nguzo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikuwa kitandani chumba cha pili na masikio yake yalikuwa mazima kabisa. "Mume wangu aliuchonga mtumbwi ule mpaka mgongo ukapinda," alisema kupitia pazia. "Ukipandwa maua, nanyi mnipande humo humo."

Usiku ule hawakuafikiana. Ila kulipokucha mke alikuwa na neno. Kaka yake alikuwa dereva wa lori la mchanga, na njia yake ilipita kando ya ziwa jingine, mbali, ambalo hakuna mvuvi wa kwao aliyewahi kulitia machoni. Lori lilikwenda huko tupu. Kwa nini lisibebe mtumbwi?

"Tunakwenda mara moja," alisema. "Ukipata samaki, tutajua pa kuhamia. Usipopata, mwenye baa apande maua yake na mimi sitasema neno tena."

Nguzo alikubali haraka mno, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuambiwa. Ukweli ni kwamba aliogopa. Hakuogopa maji, aliogopa kurudi mikono mitupu na kuwa mlinzi wa baa, akiulinda mtumbwi wake mwenyewe uliojaa maua. Kazi hiyo mwenye baa alikuwa ameshamdokezea.

Basi wakaanza kupanga. Nyumba iligeuka bohari. Nyavu zilitundikwa mpaka kwenye madirisha, wakawa wanakula gizani mchana. Mke alitaka kubeba wavu wa chuma wa kukaushia samaki motoni. Nguzo alisema huko watakuwa nao. Nguzo alitaka kubeba upondo wa akiba. Mke alisema mmoja unazidi lori kwa urefu, wa pili utamchoma mtu jicho njiani. Bibi alitoa amri kutoka kitandani kwake, na kila amri ilianza na "marehemu mume wangu asingefanya hivyo".

Lakini kulikuwa na swali moja ambalo mtu wa kwao hawezi kwenda kwenye maji yoyote bila kuliuliza. Nguzo alimpigia shemeji yake simu, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Kwa dereva injini ilikuwa ikinguruma.

"Shemeji! Pale ziwani, mguu unafika?"

"Eeh?"

"Nasema mguu unafika?"

"Aaah! Unafika! Unafika bila wasiwasi wowote! Watoto wadogo wanafika, kina mama na ndoo zao wanafika. Nani kakutisha?"

Nguzo alimtazama mkewe, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile futi.

"Mwulize katikati," Bibi alisema. "Katikati je?"

"Shemeji, na katikati?" Lakini simu ilikuwa imekatika.

"Mpigie tena," alisema Bibi.

"Mama, si amesema mpaka watoto? Nimpigie tena anione mwoga?"

Na hapo ndipo walipokosea, kwa neno moja tu walilolizoea mno. Kwa watu wa ziwa la tope, mguu kufika ni kugusa chini. Dereva, aliyeishi barabarani tangu ujana, alisikia anachojua dereva wa lori: kwamba shemeji yake anauliza kama kwa mguu mtu anafika pale, au mpaka apande gari.

*

Waliliona kutoka mlimani. Lori lilikata kona, na bonde lote upande wa kushoto likawa halipo; mahali pake palikuwa na kitu cha buluu kilichoanzia chini ya barabara kikaenda mpaka kikaungana na mbingu, na huwezi kusema kimeishia wapi. Mke wa Nguzo alimshika mumewe mkono. Alidhani kwanza kwamba ni mbingu yenyewe imeshuka, na baadaye hakuona haya kuwasimulia watu hivyo.

"Ng'ambo iko wapi?" Nguzo aliuliza.

"Ng'ambo ipo," alisema dereva, akibadilisha gia. "Haionekani tu."

Mtu aliyezeeka akiona ng'ambo ya maji yake kila siku hawezi kujibu hilo. Nguzo aliitafuta kwa macho mpaka wakafika chini.

Walishusha mtumbwi kwa msaada wa wapita njia, na dereva akaendelea na safari yake ya mchanga. Angerudi jioni kulala nao, na kesho yake kuwachukua. Ufuko ulikuwa wa mawe. Palikuwa na mama mmoja mwenye mikono minene, dobi wa nyumba ya wageni iliyokuwa juu ya kilima, anafua mashuka. Aliutazama upondo tangu ulipoanza kutoka kwenye lori mpaka ulipokwisha.

"Kaka, hiyo ni ya kuangulia mapapai?"

"Ni upondo," alisema Nguzo kwa heshima zake zote.

"Haya," alisema dobi, na akarudi kwenye mashuka yake. Alikuwa ameona wageni wengi na vitu vyao.

Nguzo aliingia majini, na hapo akasahau kuchekwa. Aliona vidole vya miguu yake. Jamani, mtu ana miaka hamsini hajawahi kuona vidole vyake akiwa ndani ya maji! Kwao maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Ukizamisha mkono, kiganja kinapotea. Haya yalikuwa kama hayapo. Aliona kokoto moja moja, na kivuli chake, na samaki wadogo wanaokuja kumnusa kisigino.

"Mama watoto! Njoo uone! Naiona kucha yangu ile mbovu!"

Mkewe alikuja mpaka magotini, akaangalia, akafunika mdomo kwa mkono. Walisimama hivyo wawili, wazee wazima, wakiangalia miguu yao na kucheka kama watoto.

Kisha Nguzo alipanda mtumbwi, akasimama nyuma pale pale pa siku zote, akakita upondo. Uligusa. "Unafika!" alimpigia mkewe kelele. Akasukuma. Akakita tena, ukagusa tena, na mtumbwi ukateleza vizuri mno, maji mepesi yasiyo na tope la kung'ang'ania. Alijisikia kijana. Mbele yake maji yalibadilika rangi ghafla, kama mstari uliochorwa, kutoka kijani cha majani hadi buluu ya wino. Aliuona mstari. Hakujua maana yake.

Akainua upondo, akaukita kwa nguvu zake zote upande wa pili wa mstari, akauegemea kama alivyouegemea maisha yake yote. Na upondo ukaenda. Ukaendelea kwenda. Naye akaufuata.

Ufukweni mke wa Nguzo aliona mumewe ametoweka. Hakushtuka, na hilo ndilo lililomtesa baadaye. Alicheka hata. Akapaza sauti kama alivyowapazia wanawe wote: "Simama!"

Kichwa kikatokea, kikazama.

"Simama, baba watoto! Simama!"

Dobi alinyanyua uso. "Asimame wapi?" alisema. Kisha akaelewa, akatupa shuka lililokuwa mikononi mwake na kujirusha majini na nguo zake zote.

Chini kule Nguzo alikuwa akifanya kile alichofundishwa. Alinyoosha miguu asimame. Hakukuwa na kitu. Alinyoosha vidole, vile vile alivyovifurahia muda si mrefu uliopita, vikatafuta na kutafuta. Akafungua macho. Mwanga wa jua ulikuwa unapita kando yake kwa mistari, unashuka, na haukuwa na pa kutua. Mbali chini ya miguu yake samaki wakubwa walikuwa wakipita polepole, kundi kubwa ajabu, na chini yao wengine, na chini ya hao weusi tu. Hofu ilimtoka. Alishangaa kuliko alivyoogopa, na akawaza kitu kimoja cha kijinga: kwamba alipaswa kumwita mkewe aje aone.

Kitu kikamgonga bega. Ulikuwa upondo wake, umeibuka wenyewe kwa kuwa ni mti, na dobi ameshika upande wa pili.

"Shika! Shika mapapai yako!"

*

Alitapika maji mpaka akachoka. Mkewe alimpiga mgongoni, mwanzoni kumsaidia, halafu kwa hasira tu.

"Nilikuwa nakuambia usimame," alisema huku analia. "Nilikuwa nimesimama hapa nakuambia usimame!"

"Nilikusikia."

Mtumbwi ulirudishwa na watu wenye makafi, wakipiga maji kulia na kushoto wameketi, nao wakamtazama Nguzo kama wanaomtazama mgonjwa, jambo lililokuwa baya kuliko kucheka. Dobi alihesabu mashuka yake. Lile alilolitupa liliondoka na maji. Wote walikwenda kuangalia kutoka juu ya jiwe, na walikuwa wakiliona: lilikuwa limelala kwenye ukingo wa mwamba, chini, chini sana, jeupe, dogo kama leso ya mfukoni.

"Si lile pale?" alisema mke wa Nguzo. "Si anaweza mtu akaingia kulichukua?"

"Dada, unaliona tu," alisema dobi. "Hakuna anayefika pale."

Hakulalamika, ila uso wake ulionyesha kwamba juu kule kilimani ataulizwa. Mke wa Nguzo alifungua mzigo wao, akatoa shuka walilokuja kulalia, jipya, zawadi ya binti yao. Dobi alilikunjua, akaona lina maua pembeni, na ya wageni yote ni meupe matupu. Akalichukua hivyo hivyo.

Jioni dereva alirudi na kukuta shemeji yake amejifunika gunia.

"Si ulisema mguu unafika!" dada yake alimvaa kabla hajazima injini.

"Haukufika? Si mpo hapa?"

"Chini! Mguu, chini!"

"Chini ya nini?" Dereva aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, mpaka jambo likamwingia, akakaa juu ya tairi. "Mimi nilidhani mnauliza usafiri," alisema kwa sauti ndogo. "Lile ziwa, mbona hata waliokuja kulipima na mashine walikunja kamba zao bila kugusa chini. Nani atauliza mguu?"

Mke wa Nguzo alisema yote aliyokuwa nayo moyoni. Kwamba kesho mtumbwi unapakiwa. Kwamba maua si matusi, maua hayajaua mtu. Kwamba atauza samaki wa katoni mpaka azeeke, na watu wacheke wanavyotaka. Nguzo alisikiliza mpaka mwisho.

"Wapo chini ya miguu," alisema. "Wengi. Wanapita polepole, hawana haraka na mtu. Sisi kule kwetu tumevua vijisamaki vya kwenye dimbwi, mama watoto, na mimi nikajiita mvuvi. Kumbe kuna maji ambayo jua linaingia halitoki." Akajivutia gunia mabegani. "Nilitaka nikuite uje uone."

"Ungekufa."

"Ningekufa. Lakini nimeona."

Alipompigia mama yake simu, Bibi hakusalimia. "Mguu unafika?"

"Haufiki, mama."

"Kabisa?"

"Kabisa. Kokote."

Kitanda kililia upande wa pili, Bibi akiinuka kuketi. "Basi usisimame," alisema.

*

Asubuhi dobi alikuwa na mashuka mengine. Nguzo alikwenda akasimama mbele yake kama mtoto aliyetumwa kuomba chumvi.

"Dada, nifundishe."

Dobi alifuta povu. Alimtazama huyu mzee mrefu aliyefunga suruali kwa kamba ya wavu, na labda alitaka kucheka, lakini hakucheka. "Njoo," alisema. "Kuna kitu kimoja tu. Acha kusimama. Lala."

"Nilale?"

"Chali. Kama kitandani."

Ilikuwa kazi. Kila alipolala, miguu ilishuka yenyewe kutafuta chini, ilikuwa imezoea. Alimeza maji, akakohoa, akaanza upya. Watu wa makafi walikuja kutazama, na mmoja akasema kwamba akiweza kuelea, nafasi ya mtu wa nyavu kwenye mtumbwi wao ipo, na kafi atafundishwa. Dereva alipiga honi barabarani. Hakuna aliyegeuka.

Mke wa Nguzo alikuwa ameapa kutokanyaga maji yale tena. Alisimama juu ya jiwe, mikono kiunoni, akihesabu makosa. Kisha, bila kumwambia mtu, aliweka simu yake juu ya jiwe, akashuka, akaingia mpaka maji yakamfika kifuani, akamsogeza dobi kwa bega na kuweka viganja vyake viwili chini ya mgongo wa mumewe.

"Mimi ndiye nimemzoea uzito," alisema.

Alimhisi akiwa mzito, mifupa mitupu. Alimwambia maneno ambayo hajamwambia tangu ujana wao, nasi hayatuhusu. Shingo ya Nguzo ikalegea, halafu mabega. Miguu ikapanda juu taratibu, mmoja, na wa pili, mpaka ile kucha mbovu ikatokea nje ya maji. Mkewe akasikia mgongo umekuwa mwepesi. Akashusha viganja kidogo. Akashusha tena. Maji yakambeba, nayo yakamsogeza polepole kuelekea kwenye mstari, upande wa buluu, dobi akiogelea kando yake, na mkewe hakumwita arudi. Alikuwa na hofu na alikuwa na furaha, na hakujua ipi ni ipi.

Simu ililia juu ya jiwe. Alitoka majini akiwa analowesha kila kitu.

"Mama," alisema mwenye baa, "udongo umefika. Mafundi wa kutoboa wako hapa na keekee yao. Naomba nizungumze na Nguzo."

Alimtazama mumewe. Alikuwa ameshauvuka mstari. Alikuwa chali juu ya weusi wote ule, mikono ameitanua, uso juani, na chini yake hakukuwa na kitu cha kugusa.

"Amelala," alisema mkewe.

"Amelala? Jua lote hili? Hebu mwambie asimame."

"Hapana, bosi," alisema. "Hasimami tena."